Kimo cha Miti Si Kipimo cha Moto

Mvua za masika zinapokoma, nyasi za wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huanza kugeuka rangi. Kijani hufifia, mabua hukauka, na kufikia mwezi wa Julai mahali pengi huwa pamesimama kuni nyembamba zinazongoja cheche moja tu. Tangu hapo hadi Oktoba moshi huonekana mara kwa mara kwenye upeo wa macho. Moto wenyewe si jambo geni katika nchi hii. Wafugaji huchoma ili ng'ombe wapate majani machanga na ili kupunguza mbung'o na kupe. Wakulima huchoma wanaposafisha mashamba. Askari wa hifadhi huchoma kwa mpango maalumu mwanzoni mwa kiangazi. Wengine huwasha moto kwa uzembe, na moto wa uzembe ndio unaoteketeza malisho, nyasi za kuezekea, ghala za nafaka, na mara nyingine maisha ya watu.

Jambo lililo geni ni chombo ambacho wapangaji wetu wamekabidhiwa katika miaka ya karibuni, yaani ramani za kimo cha uoto zitengenezwazo kwa habari za setilaiti. Ramani hizo hupatikana bila malipo, zinaihusu karibu dunia nzima, na zina sura ya kuvutia. Mtu akiziona huweza kudhani kwa urahisi kwamba kazi ya kupanga kinga dhidi ya moto imekwisha nusu: penye uoto mrefu patiwe alama nyekundu, penye uoto mfupi paachwe peupe, kisha njia za kuzuia moto zichorwe.

Maoni yangu ni kwamba dhana hiyo ina hatari. Ramani hizo hupima miti, ilhali moto wa Mara hukimbia katika nyasi. Mpango uliojengwa juu ya kimo cha miti peke yake utapeleka watu na fedha mahali pasipohusika. Nyasi zetu hatuna budi kuzipima wenyewe, tukiwa ardhini, na shule za sekondari zilizo katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ndizo zenye nafasi bora ya kuifanya kazi hiyo. Katika makala haya nitajaribu kueleza sababu za kisayansi za maoni hayo.

Moto hula nini?

Neno kuni nitalitumia hapa kwa maana pana, yaani chochote kinachoungua: jani, bua, tawi au gogo. Ukali wa moto wa mwituni hukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1959 na George Byram, mtaalamu wa Marekani. Kanuni yenyewe ni rahisi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuitumia. Chukua joto linalotolewa na kilo moja ya kuni; lizidishe kwa uzito wa kuni zilizomo katika mita mraba moja; kisha zidisha kwa kasi ya moto, yaani mita unazosonga mbele kwa kila sekunde. Jawabu ni nguvu ya moto kwa kila mita moja ya mstari wake.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Kilo moja ya nyasi kavu hutoa joto la kilojuli 18,000 hivi. Tuseme mwezi wa Juni, nyasi zikiwa bado zina unyevu kiasi, kuni zinazoweza kuungua ni gramu 200 kwa mita mraba, na moto unakwenda sentimita 10 kwa sekunde. Zidisha 18,000 kwa 0.2 na kwa 0.1. Utapata kilowati 360 kwa kila mita ya mstari wa moto. Sasa tuseme ni mwezi wa Septemba: nyasi zote zimekauka, kuni ni gramu 400, na upepo unausukuma moto kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde. Zidisha 18,000 kwa 0.4 na kwa 0.5. Utapata kilowati 3,600.

Kuni zimeongezeka mara mbili tu, lakini ukali umeongezeka mara kumi, kwa sababu kasi nayo imeongezeka. Pasi ya umeme hutumia kilowati moja hivi. Moto wa kwanza basi ni sawa na pasi 360 zilizorundikwa katika mita moja, na wa pili ni sawa na pasi 3,600. Wataalamu wa kupambana na moto huchukulia kwamba ukali wa kilowati 350 hivi ndio mpaka ambao watu wenye zana za mikono wanaweza kuusogelea mstari wa moto na kuuzima. Kwa hiyo moto wa kwanza ni wa kuzimwa na wanakijiji wenye matawi mabichi na majembe, wakiwa na uangalifu mkubwa. Moto wa pili ni wa kukimbiwa.

Ndugu msomaji, angalia tena kanuni hiyo. Imetaja joto, uzito wa kuni na kasi. Kimo cha miti hakimo. Wala si ajabu, kwani katika mbuga zetu moto hupita chini ya miti. Nyasi huungua kwa dakika chache, magome ya migunga mikubwa huungua kidogo tu, na mti hubaki umesimama.

Mimi mwenyewe niliisomea elimu hii ughaibuni, katika nchi ya misonobari. Huko mambo ni tofauti. Moto unaoogopwa ni ule unaopanda kutoka ardhini hadi kwenye vilele, ukaruka kutoka kilele hadi kilele. Mpangaji wa huko anahitaji sana kujua miti ina kimo gani na matawi yake ya chini yako umbali gani kutoka ardhini. Ndiyo sababu Marekani, katika mpango wake uitwao LANDFIRE, imeweka ramani ya kimo cha uoto miongoni mwa ramani zake za msingi. Ni haki yao, kwa kuwa inalingana na moto wao. Kosa huingia pale tunapouchukua utaratibu uliozaliwa katika msitu wa baridi na kuutandaza juu ya nyika ya Mara bila kuuliza kama moto wa huku una tabia zile zile.

Setilaiti hupimaje kimo?

Kuitazama Serengeti kutoka angani si jambo la jana. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kwa ndege ndogo wakihesabu wanyama. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo mwezi wa Januari 1959. Mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza katika mfululizo wa Landsat, iliyoiona ardhi katika vipande vya mita 80 hivi. Tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zinatoa picha zenye vipande vya mita 10, na mahali pamoja hupigwa picha kila baada ya siku chache.

Lakini picha ni picha. Setilaiti ya aina hiyo hupokea mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, na huutenga kwa rangi: buluu, kijani, nyekundu, na miali isiyoonekana kwa macho iliyo nje ya wekundu. Kutokana na rangi hizo tunaweza kujua kama jani ni bichi au kavu. Hatuwezi kujua moja kwa moja kama limesimama urefu gani kutoka ardhini, kama vile mtu aliye juu ya mnazi asivyoweza kukadiria vizuri kimo cha mtoto aliyesimama chini yake.

Kimo hupimwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Desemba 2018 chombo kiitwacho GEDI kilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, kinachoizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 400 hivi. Chombo hicho hutuma chini mapigo mafupi ya mwale wa leza. Sehemu ya mwale hurudishwa na kilele cha mti, sehemu na matawi, na sehemu ya mwisho na ardhi. Chombo hupima tofauti ya muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa mwisho, na kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana, tofauti hiyo hugeuzwa kuwa mita.

Tufanye hesabu. Mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwale unaopiga ardhi husafiri mita moja zaidi kwenda na mita moja zaidi kurudi kuliko ule unaopiga kitu kilicho mita moja juu ya ardhi. Jumla ni mita mbili, nazo huchukua nanosekunde 6.7 hivi. Nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Sasa pigo lenyewe la GEDI lina urefu wa nanosekunde 15 hivi. Maana yake ni kwamba mwangwi wa kitu kilicho chini ya mita mbili na kitu huchanganyika na mwangwi wa ardhi, kwa mfano wa mtu apigaye kelele mbele ya ukuta ulio karibu sana: mwangwi humrudia kabla hajamaliza kupiga kelele, asiweze kuutenga na sauti yake. Mti wa mita 15 hupimika vizuri. Nyasi za mita moja humezwa na ardhi.

Kuna upungufu wa pili. Mapigo hayo hayaifuniki nchi yote. Kila pigo huangaza duara la mita 25 tu. Pigo na pigo katika mstari mmoja ziko umbali wa mita 60, na mstari na mstari ziko umbali wa mita 600. Sehemu kubwa ya ardhi haikuguswa kamwe. Ramani kamili unayoiona, kama ile ya vipande vya mita 30 iliyotolewa mwaka 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, au ile ya vipande vya mita 10 iliyotolewa mwaka 2023 na watafiti wa Zurich, imejazwa kwa makadirio: kompyuta hujifunza uhusiano kati ya rangi za picha na vimo vilivyopimwa kwa leza, kisha hukadiria kimo mahali ambapo leza haikufika. Ni kazi ya ustadi mkubwa, nami sina nia ya kuibeza. Nasema tu kwamba palipo na nyasi, kilichoandikwa katika ramani hiyo si kipimo cha nyasi.

Ramani inapotuelekeza pabaya

Tuchukue mfano wa eneo la Lamai, lililo kaskazini ya Mto Mara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, likipakana na Tarime upande mmoja na Kenya upande mwingine. Kaskazini ya Serengeti hupata mvua nyingi kuliko kusini. Nyanda za kusini-mashariki hupata milimita 500 hivi kwa mwaka, lakini huku kaskazini kiasi hicho hukaribia maradufu. Mvua nyingi huotesha nyasi ndefu na nene. Kandokando ya mto uko ukanda wa miti mirefu iliyosongamana, na nje ya ukanda huo ni mbuga zenye miti michache iliyotawanyika.

Katika ramani ya kimo, ukanda wa mto hutokea kwa rangi kali, kwa kuwa miti ni mirefu. Mbuga hutokea karibu nyeupe, kana kwamba hapana kitu. Mpangaji anayetegemea ramani hiyo atasema hatari iko mtoni. Ukweli ni kinyume chake. Miti ya kando ya mto ina mizizi katika maji na kivuli kizito. Nyasi chini yake ni chache na hewa ina unyevu. Moto ukifika hapo mara nyingi hudhoofika. Hatari iko katika ile sehemu nyeupe, ambamo mstari wa moto unaweza kukata kilomita nyingi katika alasiri moja.

Isitoshe, sehemu nyeupe hiyo si kitu kimoja. Kabla ya nyumbu kufika kutoka kusini, nyasi za Lamai huweza kuwa ndefu. Baada ya makundi kukaa hapo wiki kadhaa, nyasi zile zile huweza kubaki kama zulia. Nje ya mpaka, katika malisho ya vijiji, ng'ombe, mbuzi na kondoo hula mwaka mzima, na mara nyingi hapabaki kuni za kutosha kuuendesha moto. Hatua chache ndani ya hifadhi nyasi zimesimama. Ramani ya miti huchorwa mara moja, ikatumika miaka. Ramani ya moto wa nyasi hubadilika kila mwezi.

Funzo la sotoka

Anayetaka ushahidi kwamba nyasi, wala si miti, ndizo zinazotawala moto wa Serengeti, na aisome historia ya ugonjwa wa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaangamiza ng'ombe, nyumbu na nyati kwa wingi wa kutisha. Kwa miongo kadhaa nyumbu waliendelea kufa, hasa ndama. Kisha ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, sotoka ilitoweka miongoni mwa nyumbu katika miaka ya mwanzo ya 1960. Nyumbu waliokuwa 250,000 hivi mwaka 1961 walifika 1,300,000 hivi mwaka 1977.

Matokeo yake kwa moto yalikuwa makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya hifadhi ilikuwa ikiungua kila mwaka. Nyumbu walipoongezeka walizila nyasi ambazo zingekuwa kuni, na eneo lililoungua likapungua sana. Mike Norton-Griffiths alilieleza jambo hilo mwaka 1979, na watafiti wengine wamelithibitisha baadaye. Moto ulipopungua, miti michanga ilipata nafasi ya kukua, na baadhi ya mbuga zilizokuwa tupu zikawa na miti tena. Ona mfululizo huo: sindano ya chanjo katika shingo ya ng'ombe wa kijijini ikaongeza nyumbu, nyumbu wakapunguza nyasi, nyasi zikapunguza moto, moto ulipopungua miti ikaongezeka. Miti imo mwishoni mwa mnyororo huo. Anayetazama kimo cha miti ili kuujua moto wa mwaka huu anasoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

Mnyororo huo haujakatika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliotumia picha za setilaiti za MODIS tangu mwaka 2001 hadi 2014, ulionyesha kwamba idadi ya mioto na eneo linaloungua katika ikolojia ya Serengeti na Mara vimepungua, na waandishi wake wanaona kwamba sababu ni kuongezeka kwa mifugo. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba mvua zikiwa nyingi kwa miaka mfululizo, nyasi hulimbikizana, na mioto inayofuata huwa mikubwa na mikali zaidi. Kwa hiyo miaka michache ya utulivu isitulaze usingizi.

Ramani ya miti ina kazi yake

Singependa msomaji afikiri kwamba natupa ramani za kimo. Zina kazi nyingine, nayo ni muhimu. Mti mchanga katika nyika huishi kama mtu aliye katika maji yanayomfika shingoni. Kila moto unapopita, shina lake huungua hadi ardhini, kisha huchipuka tena kutoka mizizini. Ukipata miaka ya kutosha bila moto mkali, kilele chake huvuka mita tatu hivi, na tangu hapo ndimi za moto wa kawaida hazikifikii tena. Kwa hiyo ramani ya kimo, ikirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, inaweza kutuonyesha ni wapi miti inafanikiwa kuvuka mstari huo na ni wapi inazuiwa. Hiyo ni habari njema kwa anayepanga msitu wa kesho, ingawa haimsaidii sana anayepanga doria ya Agosti.

Setilaiti pia hutusaidia katika moto wenyewe kwa njia nyingine. Vyombo vya MODIS na VIIRS huona joto la moto unaowaka. Cha kwanza kwa vipande vya kilomita moja, cha pili kwa vipande vya mita 375. Sentinel-2 huonyesha makovu meusi ya mahali palipoungua. Picha za kila wiki huonyesha nyasi zinapoanza kukauka. Habari hizo zote ni za bure. Kinachokosekana ni kiungo kimoja: uzito wa nyasi zilizosimama, katika kijiji fulani, mwezi fulani. Kiungo hicho hakishuki kutoka angani. Hata wataalamu wanaojaribu kukadiria uzito wa nyasi kwa rangi za picha wanahitaji vipimo vya ardhini ili kuyasahihisha makadirio yao.

Nyasi zipimwe na nani?

Hapa ndipo shule zinapoingia. Kata kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha katika Tarime, na vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, vimo katika ule ukanda ambao moto huuvuka. Katika ukanda huo wako walimu wa Jiografia, Biolojia na Hisabati, na wako vijana wanaojua nyasi kwa majina kwa kuwa wamechunga.

Zana zinazohitajika ni chache. Mwaka 1977 wataalamu wa malisho wa Afrika Kusini walieleza kifaa chepesi: sahani bapa yenye tundu katikati, inayoteremka kwenye fimbo iliyotiwa alama za sentimita. Sahani huachiwa ianguke juu ya nyasi, na kimo inapotulia husomwa kwenye fimbo. Kifaa hicho kina faida juu ya rula. Nyasi mbili zinaweza kuwa na kimo cha mita moja kila moja, lakini moja ikawa na mabua machache na nyingine ikawa imesongamana. Rula itaziita sawa. Sahani itazama katika ya kwanza na kubebwa na ya pili, na kwa hiyo hupima wingi pamoja na kimo. Fundi wa mabati au wa mbao wa Mugumu au Tarime mjini anaweza kuitengeneza. La muhimu ni kwamba sahani za shule zote ziwe na upana na uzito ule ule, la sivyo vipimo havitalinganishika.

Baada ya hapo sahani ifundishwe lugha ya nyasi zetu. Wanafunzi waweke fremu ya mita moja kwa mita moja, wasome kimo cha sahani ndani yake, kisha wakate nyasi zote zilizomo, wazianike hadi uzito usipungue tena, na wazipime kwa mizani. Gramu zikizidishwa kwa 10 huwa kilo kwa hekta. Gramu 400 ni kilo 4,000, yaani tani nne kwa hekta. Fremu 30 au 40, mahali penye nyasi fupi na penye nyasi ndefu, zitatosha kuchora mstari katika karatasi ya grafu. Kuanzia hapo hapana haja ya kukata tena: kimo cha sahani kitatosha kusoma uzito katika mstari. Asiazimwe mtu mstari uliochorwa katika nchi nyingine, kwa kuwa nyasi za huko na sahani za huko si zetu.

Vipimo vyenyewe vichukuliwe mara tatu kwa mwaka: mwishoni mwa masika, mwanzoni mwa Julai na mwishoni mwa Agosti, kila mara mahali pale pale, vipimo 50 au zaidi, na wastani wake uandikwe katika daftari moja lisilopotea. Daftari hilo, likiwekwa pamoja na picha za setilaiti za wiki hiyo hiyo, litakuwa na thamani ambayo ramani za ughaibuni hazina. Halmashauri itajua ni upande gani wa kijiji njia ya kuzuia moto ifyekwe kwanza, ni wapi uchomaji wa mapema unafaa na ni lini muda wake umepita.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba vipimo vya wanafunzi haviaminiki. Kipimo kimoja cha mwanafunzi mmoja hakiaminiki, na kipimo kimoja cha profesa vilevile. Takwimu hupata nguvu kwa wingi wa vipimo, kwa utaratibu usiobadilika, na kwa kurudiwa na mtu mwingine. Mambo hayo matatu yamo ndani ya uwezo wa darasa.

Wapo watakaouliza juu ya usalama. Ni swali la haki. Wanafunzi wasiingie ndani ya hifadhi. Wapime katika ardhi ya shule na ya kijiji kwa idhini ya serikali ya kijiji, wakiwa na mwalimu, wamevaa viatu, na wakijihadhari na nyoka. Upande wa ndani upimwe na askari wa hifadhi kwa sahani ya namna ile ile. Wala mtu yeyote asiwashe moto kwa jina la majaribio.

Wapo pia watakaosema tungoje, kwa kuwa setilaiti za kesho zitapima hata nyasi. Huenda zikaja. Lakini kila chombo kipya kikirushwa, wenyewe huuliza ni wapi duniani pana vipimo vya ardhini vya kukijaribia. Nchi yenye daftari za miaka kumi itakuwa na la kusema katika mazungumzo hayo. Nchi isiyo nazo itapokea ramani na kushukuru.

Mwisho, pingamizi lisilosemwa kwa sauti, lakini limo katika ofisi nyingi: kwamba mfugaji ndiye mkosaji, na kazi ya ramani ni kumwonyesha alipowasha. Nalipinga wazo hilo. Mfugaji Mkurya, Mngoreme au Mwikoma huchoma kwa sababu anazozijua, na katika mambo kadhaa ujuzi wake juu ya wakati na upepo hulingana na wa mtaalamu. Akiitwa kwenye kikao na kuonyeshwa nukta nyekundu za setilaiti kama mshtakiwa, mwaka ujao atachoma usiku. Akiitwa kama mwenye kujua, akaulizwa ni nyasi zipi huwaka kwanza na ni mwezi gani moto huzimika wenyewe jioni, majibu yake yataingia katika daftari pamoja na vipimo vya sahani, na mpango utakuwa pia wake.

Wahenga walisema kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walimu wa shule mbili tu zinazopakana, moja Tarime na moja Serengeti, wakianza msimu huu kwa sahani mbili na daftari mbili, watakuwa wameanza ramani ambayo hakuna setilaiti iliyoweza kuichora. Nyasi za masika zijazo hazitangoja.